Vitamini ya Jumapili

Bisha ukitaka, lakini mimi niliyeachia shule kidato cha pili nilimwona mzee wa kanisa akiukosea moyo wake heshima.

Ilikuwa katika duka la dawa, mtaani Kinoru. Mzee ana ugonjwa wa misuli ya moyo. Aliweka kwenye kaunta chupa tupu ya vitamini D. "Niongezee, msichana wangu. Hii ndiyo nameza Jumapili."

"Na dawa za moyo?" muuzaji akauliza.

"Zile zinanituma choo kila saa. Nitatokaje katikati ya mahubiri na nimekaa mbele?"

Yule muuzaji akazunguka kaunta, akainama, akambonyeza mguu kwa kidole. Shimo likabaki pale.

"Ona maji hayo, mzee. Vitamini haiyatoi kama dawa zile. Usiruke hata siku moja. Kaa nyuma, karibu na mlango."

"Benchi la nyuma ni la vijana watundu!"

"Basi kaa nao."

Benchi lenyewe ni langu. Jumapili alikuja hapo, na mahubiri yalipokolea akainuka kwenda choo. Nikainuka naye.

Nilichokuficha ni hiki: huyo mzee ni baba yangu, na ile chupa nilimnunulia mimi, nikijigamba kwamba inashinda dawa zote.