Chumvi ya Jikoni kwenye Chupa ya Maabara

Siku ya kwanza kazini nilivaa kitenge cha kanisani, nikidhani maabara ni ofisi. Kumbe ni kuosha! Mkuu wa shule, mtu wa kukohoa kwanza ndipo aseme, akaniambia, "Khm! Mama Tusekile, kazi yako ni chupa na testi-tyubu. Khm! Usionje kitu." Nikamjibu, "Baba, kwani mimi mbuzi?" Hiyo ilikuwa sekondari moja huku Ileje, kabla sijahamishiwa Tunduma.

Kusoma sijui, ila chupa zote nilizijua kwa umbo na harufu. Amonia ya maji inakutoa machozi kama umefiwa.

Basi, asubuhi ya mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, nikakuta chupa ya amonia kloraidi tupu. Mwalimu wa Kemia, kijana wa sauti nyembamba, aliwahi kuniambia, "Hiyo ni chumvi tuuu, mama." Chumvi? Si nikaenda jikoni! Nikachota ya mboga, nikakoroga na maji, nikajaza. Nikajiona fundi.

Watoto walipewa maji yenye magnesiamu, bila kuambiwa, wayatambue wenyewe. Unatia amonia kloraidi kwanza, halafu amonia. Ikiwa ni magnesiamu, maji yanabaki angavu; ikiwa ni alumini, uchafu mweupe unashuka chini. Siku hiyo yakashuka mashapo meupe, mazito kama uji, kwa kila mtu. Darasa zima likaandika alumini.

"Wote siiifuri!" mwalimu akapiga kelele. "Hamsomi!" Binti mmoja akaanza kulia.

Nikawaza, nikinyamaza nabaki na kazi, nikisema narudi kulima. Nikasema: ile chumvi ni ya jikoni, nimeitia mimi.

Mkuu akaitwa. "Khm! Tumfukuze?" Mwalimu akacheka mpaka miwani ikaanguka. "Hapana, mkuu. Aje mbele awaonyeshe kosa lake."

Jamani, mimi mbele ya kidato cha nne! Testi-tyubu mbili za magnesiamu: moja nikatia chumvi ya mboga, nyingine amonia kloraidi yenyewe. Kisha amonia kote. Ya kwanza ikachafuka, ya pili ikatulia tuli.

"Mnaonaaa?" mwalimu akadakia. "Amonia akikuta ndugu yake wa damu ameshaingia humo, nguvu zinampungua, hawezi kuishusha magnesiamu. Chumvi ya mboga siyo ndugu yake."

Mtihani ukarudiwa, kazi nikabaki nayo. Tangu hapo kila mwaka naitwa mbele, "Mama, kosa!", hata nilipohamia Tunduma, mpaka nastaafu. Kuna wanaofundisha Kemia leo waliolielewa somo kwa ujinga wangu. Tukikutana sokoni wananiita mwalimu.

Naitika. Nisiitike kwa nini?