Mhispania Niliyekuwa Nikimsemea

Kwa miaka kadhaa nimeendesha nyumba kwa mdomo wa mwanamume ambaye sijawahi kukutana naye. Ni Mhispania, mtangazaji wa mchezo wa zawadi kwenye runinga, aliyewahi kuwa mwigizaji kabla ya hapo na akawa tena baadaye. Mimi nilikuwa namsemea kwa Kiswahili katika studio moja ya Randburg, ndani ya chumba chenye sponji ukutani na kiti kinacholalamika ukijigeuza. Yeye alishasema yake Hispania zamani, mimi nikayasema upya hapa Johannesburg, na mtu aliyeketi kwake Tanga au Bukavu akamwona mzungu anaongea Kiswahili kisicho na kasoro. Mama mkwe wangu aliniuliza kwa simu yule bwana alikaa kwetu miaka mingapi.

Mchezo wenyewe haukuwa na akili nyingi. Mshiriki anaingia kwenye lifti ya kioo. Akijibu swali sawasawa lifti inapanda ghorofa moja, akikosea inashuka, na juu kabisa kuna ufunguo wa nyumba. Kila lifti ikifika, kengele inalia, mtangazaji anainua mkono na kupaza sauti, nami namfuata: "Twende juu!" Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonitambulisha Bellevue nzima, mtaani kwetu. Malvern, kwenye Mtaa wa Jules, kulikuwa na Mkongo muuza makava ya simu ambaye hakuniacha nipite.

"Twende juu, mzee! Leo iko lifti ama umeme umekatika?"

"Umekatika," nilikuwa namjibu. "Panda ngazi."

Ukinisikia naongea hivi unaweza kudhani nilifurahia. Kiasi. Dar es Salaam nilisomea uigizaji, nikapanda majukwaani, nikaandikwa gazetini mara mbili kwa wema na mara moja kwa ubaya. Nilikuja huku na kikundi chetu kwa maonyesho, kikundi kikasambaratika kabla hata hatujazoea baridi, mimi nikabaki nikiuza mashati ya jumla katikati ya jiji. Studio waliponichukua nilishukuru Mungu kwa dhati. Lakini kupaza sauti kwa ajili ya lifti si kuigiza, na watu wa nyumbani waliposema mimi ni kama wale wanaotafsiri filamu kwenye vibanda umiza vya video, nilikasirika kwa sababu hawakuwa mbali na ukweli.

Hapa lazima nieleze jambo moja la kazi, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Mchezo wa zawadi hauingizwi sauti kama tamthilia. Kwenye mchezo, sauti ya mwenyewe inaachwa ikisikika chinichini na yangu inapita juu yake. Akicheka, mimi nanyamaza, fundi mitambo anampandisha sauti, anacheka mwenyewe kwa Kihispania chake. Akikohoa hivyohivyo. Mimi nilikuwa wa maneno tu. Kwenye tamthilia sauti yake inafutwa yote: maneno, pumzi, mguno, kicheko, hadi ile sauti ya kumeza mate. Kila kitu kinatengenezwa upya na mtu mwingine. Huyo ndiye mwigizaji, na mshahara wake unajua hivyo.

Kazi ya yule bwana niliifahamu kwa fujo. Kituo cha runinga kilinunua misimu ya mchezo bila kufuata mpangilio, basi nilimpata kwanza akiwa na upara na tumbo, mwaka uliofuata akaniletea nywele nyeusi za kijana, kisha akazeeka tena. Katika msimu mmoja alikuwa na pete ya ndoa, uliofuata hana, na mimi sikujua kama ameshaachika au bado hajaoa. Ilibidi nitafute kwenye simu. Nikakuta kwamba alianza ujanani kama mwigizaji wa vichekesho jukwaani, akaitwa kujaza nafasi ya mtangazaji aliyeugua, akabaki kwenye lifti mpaka nywele zikamtoka. Mchezo ulipofungwa alitangaza magodoro. Alicheza padri katika filamu fulani, akatokea mara moja na kumbariki mtu. Nilikuwa nasoma habari hizi kwenye foleni ya teksi kama mtu anayefuatilia ndugu aliyehama, na nadhani nilimpenda, kwa namna ya kumpenda mtu ambaye hajui kama upo.

Kisha ikaja tamthilia. Alicheza dereva wa basi katika mji mdogo, baba wa kijana mmoja, na kijana anakufa kwa ajali ya pikipiki. Kituo kikainunua. Mwongozaji wetu, dada mmoja wa Dar aliyekuwa na masikio kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi, akaniambia kutakuwa na majaribio ya sauti ya baba.

"Majaribio ya nini?" nikamuuliza. "Huyu ni wangu."

"Kaka, usinifanye niseme."

"Sema tu."

"Sauti yako watu wanaijua ya zawadi. Ukisema 'mwanangu amefariki', watu watasubiri kengele."

Usiku ule nilitafuta tena kwenye simu, nikakuta watu wa kwao walimwambia yeye maneno yaleyale tamthilia ilipotangazwa: kwamba hawezi kulia, watazamaji watasubiri lifti. Alipigania ile nafasi miezi mingi. Nikajua basi kwamba tatizo lake limenifikia mimi, ng'ambo ya bara zima, na kwamba nikiikosa sehemu ile sitapewa nyingine. Nilikuwa naelekea umri ambao studio hazikufukuzi, zinasahau tu kukupigia.

Nilijiandaa kama mtoto wa mtihani. Nilishusha sauti, nikapunguza chumvi, nikafanya mazoezi bafuni kwetu Bellevue, na kwa kuwa nyumba ile imegawanywa vyumba na bafu ni la wote, Mrundi wa chumba cha pili akagonga mlango kuuliza kama ninaumwa. Siku ya majaribio nilisoma vizuri. Nasema hivyo bila majivuno. Aliyenifuata alikuwa kijana wa Unguja, sauti ya chini, Kiswahili kimenyooka, hana historia yoyote masikioni mwa mtu. Kituo kikamchagua yeye.

Niliumia sana. Wivu wenyewe haukuwa wa pesa wala wa jina. Nilipita studio siku moja mlango ukiwa wazi, nikaona uso ule ninaoujua kila kunyanzi ukifungua mdomo, na ndani yake akatoka mtu mwingine. Nilisimama pale nimeshika chupa ya maji mpaka fundi akafunga mlango.

Mke wangu ni wa Bukavu, anasuka nywele saluni moja hapohapo Bellevue, na hasira yake haina foleni. Nilipomwambia, alivua ndala akaiweka chini polepole.

"Balikukatala weye? Basi miye sitaangalia ile filme yabo hata siku moja."

Akatimiza. Tamthilia ilipoanza kuonyeshwa, wapangaji wote wa nyumba wakaifuata, hata Mrundi. Saluni hawakuwa na mazungumzo mengine. Mke wangu ikianza tu ananyanyuka, anakwenda jikoni mwisho wa korido, anagongesha masufuria kwa makusudi. Mimi nilitazama. Kijana wa Unguja alikuwa anafanya vizuri, na kukiri hivyo kulinigharimu.

Kabla ya hapo lakini, wakati wakiwa bado wanarekodi, dada mwongozaji alinipigia simu. Aliongea kwa haraka, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani aliyegombana naye.

"Kaka, kijana hawezi kulia."

"Hawezi vipi?"

"Anakohoa. Tumejaribu siku mbili. Maneno yote anayo, kilio hana. Njoo unilizie."

Nilitaka kumkatalia. Nilikuwa na sentensi nzuri kabisa tayari, imepangika. Badala yake nikauliza saa ngapi.

Kipande chenyewe hakina neno hata moja. Baba ametoka kuzika. Anaingia bafuni, anafungua bomba ili mkewe asimsikie, anakaa ukingoni mwa beseni akiipa kamera mgongo, na analia. Hamwoni uso. Mnaona mabega. Dada alinionyesha bila sauti mara kadhaa, kisha akanipa sauti ya mwenyewe masikioni. Yule bwana niliyemwachia vicheko vyake vyote miaka ile, sasa nilipewa kilio chake bila maneno. Nilicheka kidogo kwa hilo, dada akadhani ni woga.

"Usiwaze kitu," akaniambia. "Fuata mabega."

Nikafuata mabega. Yakipanda navuta pumzi, yakishuka naachia, yakikwama nakwama. Sikuwaza kitu, naapa. Nilikuwa naangalia skrini kama fundi saa. Tulichukua mara mbili, ya pili ikawa nzuri, fundi akanyanyua kidole gumba. Kijana wa Unguja alikuwa amekaa nyuma ya kioo. Nilipotoka alisimama, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Ahsante, kaka. Mie ningewaharibia."

"Sharp," nikamwambia, kama wanavyosema huku mambo yakiwa sawa. Katika majina ya mwishoni aliandikwa yeye, na ndivyo ilivyopaswa, kwa kuwa ndiye baba.

Nyumbani sikusema. Ungemwambia nini mkeo? Kwamba waliokukataa wamekuita ulie, ukaenda? Nilisema nilikuwa na tangazo la sabuni. Na hata mimi mwenyewe sikulipa uzito. Nilijua nimemwigiza Mhispania vizuri, na hilo liliniridhisha kimyakimya: kumbe sauti yangu ikivuliwa maneno hakuna anayesubiri kengele. Nilisoma baadaye kwamba kwao kipande hicho ndicho kilichowanyamazisha wabishi, na kwamba magazeti yameanza kumwita mwigizaji bila kuongeza kitu mbele wala nyuma. Nilifurahi kwa ajili yake. Kwa ajili yangu pia, ingawa wa kunipongeza hakuwepo.

Sehemu ile ya bafuni ilirudiwa Jumapili mchana, nami nikawa nyumbani. Nilikuwa chumbani na binti yetu, ambaye Kiswahili anakielewa chote na hujibu kwa Kizulu. Mke wangu alishaondoka zake jikoni kusonga ugali, masufuria yakigongana ipasavyo. Binti akaongeza sauti ili tusizidiwe na jikoni.

Baba akafungua bomba. Akakaa. Akaanza kulia, nami nikaanza kujikagua kama fundi: hapa nimewahi, hapa pumzi imekaa sawa. Binti alikuwa ametulia tuli. Hakuna alichokitambua, na nikaona fahari.

Masufuria yakanyamaza. Nikasikia miguu peku ikikimbia koridoni, mlango ukasukumwa hadi ukagonga kabati. Mke wangu alisimama mlangoni, mwiko bado mkononi, umejaa ugali. Hakuangalia runinga. Aliangalia simu yangu iliyokuwa juu ya stuli, kisha akanitazama usoni.

"Ni nani tena?"

"Nani nini?"

"Ni nani tena amekufa kwenu?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa, ni runinga tu, ni yule Mhispania. Macho yangu yalikuwa makavu kabisa. Akageuka akautazama ule mgongo kwenye kioo, mabega yakipanda na kushuka. Akasikiliza. Chumba hiki ndicho nilichokaa siku kaka yangu aliponipigia kutoka Tanga kunijulisha kuwa mama ameshazikwa, nami sina karatasi za kunivusha mpakani na kunirudisha. Sikumbuki nilivyolia siku ile. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anakumbuka.

"Hapana," akasema. "Huyu ni weye, siku ya mama."