Fremu ya Mama

Krr, krr, krr. Juzi, kabla sijafungua dirisha na kumwona fundi wa geti la jirani hapa Goba, nilisikia brashi yake ya waya ikikwaruza chuma. Harufu ya rangi mbichi ikanirudisha kwenye karakana ya ndege alikofanya kazi mama.

Nilikuwa mtoto, nimemfuata kazini siku ndege ndogo ilipokuwa inabadilishiwa injini. Injini mpya iling'aa, na mafundi wengine waliizunguka kama bibi harusi. Mama alikaa chini na fremu ya zamani ya mabomba, akaikwangua kutu, akaimulika tochi kutafuta nyufa, kisha akaipaka rangi. Nilidhani amepewa kazi ya uchafu. Nikamwonea aibu.

Alasiri kila kitu kilipokwisha kufungwa, rubani alikuja kuijaribu ndege angani.

"Fremu kaishughulikia nani?" aliuliza.

"Mie," mama akajibu.

"Basi twende wote, Mama Zawadi. Kama umelipua kazi, tunaanguka pamoja!"

Mafundi wakacheka. Mama naye akacheka. "Mie silipuagi kazi, kaka."

Nikamng'ang'ania mkono. "Mama, kwa nini wewe?"

"Injini yote imeshikwa na ile fremu, mwanangu. Nimeikagua mwenyewe, naiamini."

Alinipa brashi nimshikie. Nikawatazama mafundi wote waliobaki chini na mimi, nikajiona mrefu kuliko wao. Mama akapanda, akaketi kando ya rubani, na kale kamlango kembamba kakafungwa nyuma yake.