Stendi ya Kumtengenezea Mkwe Baiskeli

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa spana, ovaroli ya mwanaume iliyonizidi mikono na miguu, na amri ya kuinama. Karakana yetu ilikuwa Musanda, katikati ya mashamba ya miwa, na tulitengeneza baiskeli za wasimamizi waliozunguka mashambani. Mkubwa wetu tulimwita Fomeni. Alikuwa mzee wa Mumias, msafi ajabu, kofia nyeupe kichwani hata grisi ikimfika viwikoni. Mafundi walikuwa wanacheka kuona msichana amekuja kushika spana. Fomeni akawatazama mpaka wakanyamaza, kisha akanigeukia.

"Asalaam aleikum, binti. Pindua hiyo baiskeli."

Kupindua ndiyo ilikuwa stendi yetu. Unaigeuza baiskeli magurudumu juu, inasimamia kiti na usukani, halafu unaiinamia tangu asubuhi mpaka saa ya kurudi nyumbani. Nilimuuliza Fomeni kama hakuna meza ya kuiwekea.

"Meza ni ya hoteli," akasema. "Inama."

Nikainama, na nilijifunza. Fomeni alinionyesha kwamba rimu iliyopinda haigongwi nyundo. Unazungusha gurudumu polepole, unatazama panapoyumba, unakaza spoku za upande mmoja na kulegeza za upande wa pili, kidogo kidogo, bila hasira. Alinifundisha kotapini, kile kichuma kinachoshikilia mkono wa pedali, ambacho ukikipiga vibaya kinapinda na kukutoa jasho siku nzima. Zaidi ya yote alinifundisha breki. Zile baiskeli kubwa nyeusi hazina waya wa breki. Zina fimbo za chuma kutoka mkononi hadi kwenye raba zinazoshika rimu, na nati moja ikilegea kwenye zile fimbo, breki yote ni bure. "Mtu akianguka kwa cheni kukatika atakulaani," Fomeni alikuwa akisema. "Akianguka kwa breki, wallahi, huenda asipate nafasi ya kukulaani." Alikuwa mkali yule mzee, lakini hakuwahi kumwacha mtu aondoke na baiskeli ambayo yeye mwenyewe hajaijaribu.

Baadaye nikapata kazi Khwisero, nikitunza baiskeli za wahudumu wa afya wanaotembelea wagonjwa majumbani. Huko mkubwa wangu alikuwa Afisa wa Usafiri, mtu wa suruali iliyopigwa pasi ikasimama. Hakutaka kuona baiskeli ya ofisi imelala mavumbini. Basi nikafunga kamba mbili kwenye boriti ya veranda, moja ikashika kiti na nyingine usukani, baiskeli ikaning'inia. Afisa akaja, akasimama, akashika kiuno.

"Mama, hiyo baiskeli imefanya kosa gani mpaka umeinyonga?"

Tulicheka, lakini kamba ilinisaidia. Kwa mara ya kwanza nilifunga cheni nikiwa nimesimama kama binadamu. Ubaya wake ni kwamba baiskeli iliyoning'inia inacheza. Ukikaza nati, inazunguka na wewe. Ukitaka kunyoosha rimu, huwezi kujua kama kinachoyumba ni rimu au ni baiskeli nzima. Kwa kuziba panchari inatosha. Nyinyi mnaoniuliza stendi ya bei rahisi ya nyumbani, kama kazi yenu ni panchari na mafuta ya cheni, tafuteni kamba na boriti, msisumbuke zaidi.

Mimi ilinibidi nisumbuke, na sababu ilikuwa mkwe wangu.

Nilipostaafu nilirudi nyumbani Malinya, kwenye boma aliloniachia marehemu mume wangu, na majirani wakaendelea kuniletea baiskeli. Binti yangu Muhonja ameolewa ng'ambo ya mto. Mume wake sitamtaja jina hapa, kwa heshima. Nitamwita Mkwe. Hubeba mikate kutoka kiwanda kidogo cha mjini Kakamega na kuisambaza madukani kwa baiskeli. Nyuma amechomelewa keria pana ya vyuma, na juu yake hufunga kreti za mikate mpaka zinamzidi kimo. Kila asubuhi hushuka nayo ule mteremko mrefu wa kuelekea mtoni. Chakula cha wajukuu wangu kinategemea keria hiyo, na roho yake yeye inategemea breki.

Sasa, kwetu mama mkwe na mkwe hawapeani mkono. Hawali meza moja. Na mama mkwe hainami mbele ya mkwe wake, hata sindano ikianguka. Vijana husema hizo ni mambo za zamani. Semeni tu. Mimi nimevaa ovaroli ya mwanaume nikiwa bado msichana, lakini siwezi kumwinamia mume wa binti yangu. Na yeye hangeweza kusimama hapo anitazame. Kwa hiyo fundi wa baiskeli alikuwa katika familia, na Mkwe alikuwa anapeleka baiskeli yake kwa watu wa barabarani wanaofunga kila kitu kwa ukanda wa tyubu kuukuu.

Muhonja ndiye aliyeniambia. "Mama, breki zake ni za kuombea Mungu. Namwambianga alete kwako, anakataa. Anaona aibu."

Mwanangu wa kwanza, anayefanya kazi Nairobi, aliposikia akaninunulia stendi ya kisasa. Kitu kizuri, chepesi, miguu mitatu inayokunjika, na juu kuna mdomo wa plastiki unaobana bomba la kiti. Baiskeli inainuka hadi kifuani, hakuna kuinama. Nilifurahi kama mtoto. Nikamtuma Muhonja amwambie Mkwe aje, heshima itakuwepo, tutasimama kila mtu upande wake.

Akaja na Muhonja, akanisalimu kutoka mbali, "Mulembe, Mama," macho chini. Tukaipandisha baiskeli. Nikaanza na breki ya mbele, nikalegeza nati za fimbo ili nizipange upya. Hapo ndipo ile stendi ilianza kuinama yenyewe. Walioiunda walifikiria baiskeli nyepesi za michezo, zisizo na mzigo hata wa kikombe. Hawakumfikiria mtu wa kutoka huku aliyechomelea keria ya chuma cha kubeba kreti. Uzito wote ulikuwa nyuma, na miguu mitatu ile haikuweza. Baiskeli ikaanguka kwa nyuma, mimi nikaidaka, Mkwe akaidaka, na mikono yetu ikashikana kabisa, vidole kwa vidole.

Jamani! Mkwe aliachilia kama ameshika jiko la moto. Akainyanyua baiskeli yake, akaisukuma mpaka barabarani, akapanda, akaenda. Muhonja alibaki amefunika mdomo, na sijui mpaka leo kama alikuwa anacheka au analia.

Mimi nilibaki na spana mkononi. Zile nati za breki ya mbele nilikuwa nimezilegeza, na sikuwa nimezikaza.

Nilimwita kwa sauti, akaongeza mwendo. Nikampigia simu, hakushika. Jioni Muhonja akaniambia amemfikishia ujumbe wangu, na mumewe amemwendea fundi wa barabarani, amefungiwa fimbo kwa ukanda wa tyubu, anasema inatosha. Kuja kwangu tena hataki kusikia. Na mimi kwenda kwake siwezi, kwa sababu mama mkwe haendi kwa mkwe bila kuitwa. Kila asubuhi nikiamka nilikuwa namwona akilini kwenye ule mteremko na mikate yake. Chai niliyopika niliiacha ikapoa. Nilimlilia Mungu anitunzie huyo kijana mpaka nitengeneze kitu kisichoanguka.

Basi nikakaa chini nikafikiri kama fundi. Stendi yetu huku haihitaji kuwa nyepesi. Nani anaibeba kwenda wapi? Inahitaji kuwa nzito chini na pana. Nikatafuta rimu ya gari iliyotupwa, nikailaza, nikasimamisha bomba la maji la chuma katikati, nikaijaza zege. Niliimwagilia maji na kuiacha ikauke vizuri, ingawa moyo ulikuwa unanikimbiza. Zege ikiharakishwa hupasuka.

Halafu nikaenda kwa fundi wa kuchomelea hapo sokoni. Nilimwambia sitaki mdomo wa kubana, kwa sababu mabomba ya fremu za huku yameshapigwa rangi na kuchomelewa mara nyingi, na kila moja lina unene wake. Nikataka kulabu mbili pana za kubeba fremu kutoka chini ya bomba la juu, zivikwe vipande vya tairi zisichune rangi. Na nikataka mkono wa tatu, mrefu, utokee nyuma na kushika keria kutoka chini.

"Mama, unatengeneza stendi ama kitanda?" akaniuliza.

"Wewe choma. Keria ndiyo yenye shida, lazima ishikwe."

Urefu niliupima kwa mwili wangu mwenyewe. Pedali zije mkabala wa mkanda, na rimu ije mbele ya uso, ili nikitazama spoku nisikunje hata shingo. Mwisho nikamwambia achomelee kifuniko cha kopo kubwa la rangi pale katikati, kiwe sahani ya spana na nati. Akaniuliza kwa nini katikati na si upande wangu. Nikamwambia ni kwa sababu kutakuwa na watu wawili, na hawatapeana kitu kwa mkono.

Ilipokamilika, nilitafuta gunia la mahindi nikalifunga nyuma, mahali keria ingekaa, na nikaisukuma ile stendi kwa bega. Haikutikisika. Ndipo nikampigia Muhonja. "Mwambie mumeo nimetengeneza kitu ambacho hata fahali wa kupigana hawezi kukiangusha. Mwambie aje, na mwambie ni mimi ninaomba."

Alikuja siku iliyofuata, amejaa haya. Breki ilikuwa imefungwa vile alivyosema Muhonja, ukanda mweusi umezungushwa kama bandeji. Nilitaka kumgombeza, nikajizuia. Aliitundika baiskeli mwenyewe kutoka upande wake. Mimi nikasimama upande wangu, mgongo umenyooka. Nikakata ule ukanda, nikapanga fimbo, nikabadilisha raba zote, nikanyoosha rimu zisiyumbe. Nilipotaka anishikie nati, niliiweka kwenye sahani, akaichukua. Akitaka spana, ninaiweka kwenye sahani. Hatukuongea sana. Lakini nilipomwambia, "Finya breki," akafinya, nami nikavuta gurudumu kwa nguvu zangu zote na likakataa kusogea, niliona mabega yake yameshuka kama mtu aliyetua mzigo.

"Asante, Mama," akasema.

"Jaribu kwanza pale tambarare ndipo uende," nikamjibu. Alijaribu, na nikamtazama mpaka akapotelea kwenye kona.

Watu huniuliza kustaafu kunaonekanaje. Kunachosha kidogo, nawaambia ukweli. Unazoea mkubwa wa kukufokea, halafu unabaki na kuku. Miaka yote nilifikiri kazi ni ile tuliyofanya karakanani na ofisini, na kwamba haya ya nyumbani ni ya kupitisha wakati. Baiskeli nyingi zilipita mikononi mwangu na sikujua ziliishia wapi, wala breki zake zilimshikia nani. Ukitengeneza vizuri, mtu anapita zake na hakuna habari.

Wiki chache baadaye kulikuwa na pigano la mafahali hapa Malinya. Anayejua mambo yetu anajua kwamba fahali haji kimyakimya. Huletwa na ukoo mzima, ngoma za isukuti zinalia, watu wanakimbia na matawi, na watoto hutangulia mbele wakirukaruka, hawasikii la mtu. Msafara huo ulikuwa unatoka mtoni, unapanda. Mkwe naye alikuwa anashuka na kreti zake zimejaa. Walikutana kwenye kona, pale chini mteremko unapokuwa mkali zaidi.

Mimi sikujua lolote. Nilikuwa nimetundika baiskeli ya jirani naisafisha cheni, nikamwona Mkwe anaingia langoni akiisukuma baiskeli yake, peke yake, bila Muhonja. Hajawahi kuja peke yake. Shati limelowa, midomo imekauka. Akasimama ng'ambo ya stendi, na safari hii hakutazama chini.

"Mama, breki ilishika."

Nikamuuliza ilishika wapi.

"Kwa kona. Watoto walikuwa barabara yote. Nilisema nimewaua." Akaigusa fimbo ya breki ya mbele. "Ilishika, Mama. Wa mbele aligusa gurudumu kwa mkono, akacheka, akaendelea kukimbia."

Nilitaka kumkumbatia. Mungu ananijua, nilitaka kumkumbatia kama niliyemzaa. Badala yake machozi yakanitoka, na mama mkwe halii mbele ya mkwe wake, kwa hiyo nikamgeuzia mgongo. Nikasikia na yeye anavuta kamasi, anageuka. Tulisimama hivyo, kila mmoja amempa mwenzake mgongo, mpaka Muhonja alipofika mbio kutoka sokoni, akatutazama, akauliza kwa woga kama tumegombana.

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Weka chai."