Mikia ya Damu ya Shangazi

Shangazi yangu anakaanga mgongo wazi huku mtaani Obunga, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki na kichwa na mkia baada ya nyama kuchukuliwa. Alipopatikana na saratani ya titi, wanawake anaokaanga nao walisogeza kiti chake mbali na karai. Yeye akaamua kwamba damu yake yote imeoza, na dawa ya mshipani hataifuata tena.

Kitu pekee alichokubali ni kutoa damu kwa watu wa maabara waliokuwa wakipima uharibifu wa vinasaba. Walikuwa wakilinganisha wagonjwa na watu wenye afya, na wenye afya hawakutosha. Shangazi akanisukuma mbele, mimi ninayeona haya hata kuagiza chai.

“Chukueni huyu,” aliwaambia. “Hajaugua kitu ila uvivu.”

Sindano iliponiingia nilitazama ukuta. Yeye alinitazama mimi, akacheka mpaka muuguzi aliyekuwa akimtoa damu yeye akamwomba atulize mkono.

Siku ya kuitwa tena, shangazi alikataa maelezo, akataka kuona kwa macho. Dada wa maabara alituuliza kama tunakubali kuonyeshana, tukakubali. Alisema chembe za damu ziliwekwa kwenye kitu kama jeli, zikapitishiwa umeme. Kisha akafungua picha mbili kwenye kompyuta. Katika moja chembe nyingi zilikuwa za duara. Katika nyingine, nyingi zilikuwa na kichwa na mkia.

Shangazi aliinama akazikagua kama beseni la samaki la asubuhi. Kwake, mgongo uliokatika mkia unarudishwa kwa aliyeuuza. Akagusa zile za duara.

“Hizi mbovu ndizo zangu,” alisema. Kisha akanigeukia. Huniita Baba kwa kuwa nilipewa jina la baba yake. “Zako nzuri, Baba. Zingeisha sokoni kabla ya saa nne.”

Dada wa maabara alikohoa. Akaeleza taratibu kwamba ni kinyume: mkia ni uzi wa vinasaba uliokatika ukatoka nje. Picha ya mikia mingi ilikuwa ya shangazi. Nilitamani kuingia chini ya meza.

Shangazi aliirudia picha yake. Akauliza kama zile chache za duara zilizomo ni nzima. Akaambiwa ndiyo. Kidole chake kikahamia kwenye picha yangu, kikasimama pembeni kabisa.

“Na huyu mwenye mkia, anafanya nini kwa kijana mzima?”

Dada akajibu kwamba hata mtu mwenye afya huwa nazo kidogo.

Jioni hiyo shangazi alikirudisha kiti chake karibu na karai. Aliwatangazia wenzake kwamba nina mikia, na wao pia wanayo, wakapimwe kama wanabisha.

Jumatatu asubuhi nilikuwa bado kitandani aliposimama mlangoni kwangu, akiwa na leso mpya na kadi ya kliniki mkononi. Aliita kwa sauti ya kufika ploti ya tatu:

“Mwenye mkia, toka unisindikize kwa dawa.”