Madaftari ya Bi Zuwena

Mwezi uliopita kiyoyozi cha chumba cha watoto kilivuja, maji yakachuruzika ukutani mpaka kwenye rafu ya vitabu vya skuli vya mwanangu. Nilipovitoa, karatasi zilikuwa zimevimba na kugandana, na nikasikia harufu ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni: wino uliolowa, ukungu, na kitu kama unga uliochacha. Mume wangu akanikuta nimesimama na kitabu cha jiografia mkononi, machozi yananitoka. "Si vitabu tu?" akasema. "Tutatafuta vingine." Yeye ni mtu wa Nizwa, hapa Oman, tangu baba na babu, na kisa hiki nilikuwa sijawahi kumhadithia. Nakuhadithieni nyinyi kwanza, kisha nitamwambia na yeye.

Nililelewa na bibi yangu mzaa mama, Bi Zuwena, katika kijiji cha mitende, mwendo mfupi wa gari kutoka Izki. Bibi alizaliwa Unguja mjini, akasomea ukunga huko huko, na alikuja Oman mtu mzima, na watoto wawili na sanduku moja la mbao. Kijiji kilikuwa hakina hospitali. Kulikuwa na zahanati ya vyumba viwili, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akizalisha, zahanatini na majumbani. Wanawake walimwita Mama Zuwena. Waume zao, wakiwa wenyewe barazani, walimwita yule Zinjibari. Alilijua jina hilo, na hata hivyo walipokuja mbio kumwita, alivaa viatu akatoka.

Kila uzazi aliuandika. Alikuwa na madaftari tisa ya majalada magumu, na ndani yake aliandika kama alivyofundishwa utotoni katika chuo cha Kurani: Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Aliandika jina la mama na la baba, siku, na saa, na pale ambapo hapakuwa na saa aliandika zamu ya maji ya falaji, ule mfereji wa mashamba, maana kila mtu kijijini alijua maji yako shambani kwa nani na kwa muda gani. Kisha aliongeza neno lake mwenyewe. Nakumbuka mengine kwa moyo. "Mtoto wa kike. Amelia kabla hajamaliza kutoka. Mama yake naye ndivyo alivyo." Na jingine: "Mama amenitukana mara mbili. Nimemsamehe mara moja."

Nikimuuliza kwa nini anajisumbua, hasa baada ya kustaafu, alikuwa akinambia, "Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi na mtu je?"

Jirani yetu mmoja, Bi Shamsa, alikuwa akija kwetu mara chache kwa mwaka na kikapu cha ndimu. Walikunywa kahawa, walisema habari za mbuzi na za wagonjwa, halafu Bibi alinituma: "Kalete daftari la tatu." Alilifungua bila kutafuta, akamsomea mistari miwili mitatu, akiigeuza kuwa Kiarabu. Bi Shamsa alisikiliza, akasema, "Basi," akachukua kikapu chake akenda zake. Mimi nilidhani ni kwa sababu hajui kusoma na anapenda hadithi. Siku moja nilijibanza nyuma ya pazia, nikasikia. "Binti wa Shamsa. Jina lake Thuraya. Ameishi siku mbili. Nywele nyingi. Alinishika kidole, hakutaka kukiachia."

Thuraya hakuwa na cheti. Hakuwa na picha, na makaburi ya kwetu hayaandikwi majina. Mumewe Bi Shamsa hakupenda atajwe, akisema ni kukumbusha huzuni. Kwa hiyo Thuraya alikuwa na mahali pamoja tu duniani, napo ni katika daftari la tatu.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, kijijini ikaundwa kamati ya kukusanya tarikhi ya mji, yaani historia yake. Mtu mmoja wa kamati, tumwite Ustadhi, akaja nyumbani kwetu na kanzu iliyonyooka kama karatasi. Alikaa, akasifu kahawa, akamwambia Bibi kwa Kiarabu, akimwita mama mdogo kwa heshima, "Khalati, wewe ni mama wa mji huu. Tunataka madaftari yako kwa ajili ya maonyesho."

"Mtayarudisha lini?"

"Yakimalizika tu, inshallah."

"Basi niandikie kikaratasi kuwa umechukua tisa."

Ustadhi alitabasamu. "Yaa khalati, baina yetu karatasi ya nini?"

Bibi hakuwahi kutoa hata bilauri bila kuandika. Lakini siku ile alikuwa ameshaitwa mama wa mji, na nafikiri aliona haya kumdai karatasi mtu aliyemheshimu hivyo. Akanambia niyatoe. Mimi ndiye niliyeyabeba madaftari mpaka garini, matatu matatu, na kila safari nilitembea polepole ili watoto wa jirani wanione.

Miezi ikapita. Siku ya maonyesho hatukupata mwaliko, lakini Bibi alisema mama wa mji hahitaji mwaliko. Alivaa buibui lake jipya, akajifukiza udi, na mjomba wangu Mansuri akatupeleka. Ukumbini palikuwa na majambia, mitungi, ngozi za kutilia maji, na picha za wanaume. Tulizunguka mara mbili tukitafuta madaftari. Ukutani palikuwa na ubao uliochapwa vizuri, Bibi akausoma kimya, kisha akausoma tena kwa sauti, kidole chake kikifuata maneno: kabla ya kufunguliwa hospitali, uzazi wa mji huu haukuwa na mwandishi wala kumbukumbu.

"Labda wamesahau," nikasema.

"Mtu husahau kitu alichokuwa nacho mkononi?" akanijibu.

Siku ya pili yake tulikwenda ofisini kwa kamati. Tulikuwa watatu, maana Bi Shamsa aliposikia alivaa akatufuata, hakuuliza mtu. Ustadhi alitukaribisha vizuri, akatuagizia chai. Bibi aliuliza madaftari yake. Ustadhi akaguna kidogo, akasema hayakuwafaa.

"Hayakufaa vipi?"

"Si Kiarabu, khalati. Tuliyafungua, tukaona ni lugha ya huko Afrika. Hatukuweza kusoma hata mstari mmoja."

"Ungeniita. Ningekuja kukusomea."

"Hayo ni mambo ya kwenu. Hapa tunaandika tarikhi ya hapa."

Bibi aliweka kikombe chini. Alianza kusema kwa haraka, na Bibi akisema kwa haraka Kiarabu chake kilikuwa kikiteleza. Alichanganya vitenzi vya kiume na vya kike, na baadhi ya herufi alizitamka kama za mtu wa Malindi, Unguja. Karani mmoja kijana akamnong'oneza mwenzake neno moja kama Bibi alivyolitamka, wakainamisha vichwa wakicheka. Na mimi, sikufichini, mimi niliyezaliwa pale na kusoma pale, niliyekuwa na Kiarabu safi kuliko wao, sikusema kitu. Nilimvuta mkono wa buibui nikamwambia kwa sauti ndogo, "Bibi, twende." Niliona haya. Haya zenyewe nilimuonea yeye, si wao. Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, na bado nikilikumbuka lile "twende" nasikia uchungu.

Bi Shamsa akamgeukia karani aliyekuwa akicheka, akamuuliza kwa upole, "Ukurasa wangu uko wapi?"

"Ukurasa gani, mama?"

"Wa binti yangu."

"Binti yako ana cheti cha kuzaliwa?"

"Hana."

"Basi huyo hayumo kwetu."

Ustadhi akamtuma karani stoo ili yaishe. Alirudi na katoni. Kiyoyozi cha stoo kilikuwa kimevuja wakati wa joto, akasema, na wafagiaji walitupa vilivyooza. Ndani yake mlikuwa na madaftari mawili, yamevimba kama mikate, kurasa zimeshikana na wino umekuwa moshi wa buluu. Hapo ndipo nilipoisikia harufu ile mara ya kwanza. Bi Shamsa aliyapindua yote mawili. Hakujua kusoma, lakini jalada la daftari la tatu alikuwa akilijua, na hakuliona.

"Mmechukua tisa," Bibi akasema.

"Una karatasi ya kuonyesha kuwa ni tisa?" akauliza Ustadhi. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza jambo la kawaida.

Bibi aliinuka, akabeba katoni mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Tukarudi nyumbani. Hakuvua hata buibui. Alikaa chini na Bi Shamsa pembeni yake, akanambia, "Kalete daftari jipya katika vitu vyako vya skuli. Nitasema mimi, utaandika wewe."

"Miye sijui kuandika Kiswahili kwa Kiarabu, Bibi."

"Utajua leo."

Akanifundisha pale pale vipi kuiandika *p* na nukta zake tatu chini, na *ch* na nukta zake tatu tumboni, herufi ambazo mwalimu wangu wa Kiarabu hakuwa nazo. Nilikosea, nikafuta, nikakosea tena. Na mstari wa kwanza alioniandikisha ulikuwa wa Thuraya. Siku mbili. Nywele nyingi. Kidole. Nilipomaliza nikaambiwa niusome, nikausoma, na Bi Shamsa akasema, "Basi." Lakini safari hii hakuondoka. Alikaa mpaka magharibi.

Baada ya hapo tulikuwa tukitoka kila alasiri nikirudi skuli. Tulikwenda nyumba kwa nyumba, Bibi mbele na mimi na daftari nyuma. Nyumba nyingine aliwakumbuka watoto wote, hata aliyezaliwa akitanguliza miguu. Pale kumbukumbu ilipomgomea, mama mwenyewe alisaidia, au dada yake, na mara nyingine walibishana nani alizaliwa kwanza mpaka kahawa ikapoa. Bi kizee mmoja aliapa kuwa mwanawe alizaliwa zamu ya maji ya ami yake, na Bibi akamwambia, "Hapana, ami yako siku ile alikuwa anagombana na msimamizi wa falaji, maji hakupata." Wote wakacheka. Wanaume walitupita njiani, wengine wakisalimu, wengine wakitazama kando. Kabla Bibi hajafa tulikuwa tumepata madaftari manne. Kati ya tisa, manne. Waliobaki hawana wa kuwasemea.

Kwa miaka mingi niliamini lile neno la Ustadhi kuwa walishindwa kusoma. Nilikasirika, lakini nilikasirika kama mtu anavyowakasirikia wajinga. Mpaka siku moja, Bibi ameshakufa na mimi nimeshaolewa, niliyafungua yale manne, nikaanza kuusoma mwandiko wangu wa kitoto. Zahra. Salim. Nasra binti Said. Khalfan. Alhamisi. Alasiri. Ukurasa baada ya ukurasa, jina la mama, jina la baba, kabila, siku, sala, yote Kiarabu, na yote kwa herufi ambazo Ustadhi alijifunza akiwa na miaka sita. Kiswahili kilikuwa yale maneno machache ya katikati tu. Aliyefungua yale tisa ya Bibi, yaliyoandikwa hivi hivi, alikuta majina ya jirani zake. Alikuta pengine na la mama yake. Hakuna hata mmoja aliyeshindwa kusoma. Walisoma, wakaona mkono wa nani umeandika, wakafunga.

Mwaka huu mwanangu alirudi nyumbani na kijitabu cha tarikhi ya kijiji kile, kwa ajili ya insha. Kamati imekichapa upya, kwa picha za rangi. Sentensi ile imo, neno kwa neno kama ilivyokuwa ubaoni. Nikaandika barua. Wakanijibu kwa adabu kuwa hakuna ushahidi wa maandishi. Basi nikaendesha gari mpaka kule na madaftari manne, nikaingia ofisini, nikamfungulia kijana wa zamu ukurasa mmoja. "Nisomee majina," nikamwambia. Alisoma majina yote bila kukwama, na alipofika chini uso ulikuwa umembadilika.

"Niachie, dada, nimuonyeshe mudiri, mkuu wetu," akasema. Nafikiri alikuwa mkweli.

"Mudiri aje kwangu Nizwa," nikamwambia. "Meza ninayo, na chai ninayo. Haya hayatoki tena mikononi mwangu."

Hajaja. Sentensi bado imo katika vijitabu vyote isipokuwa kimoja. Katika cha mwanangu nimeifuta kwa mstari wa wino, na pembeni nimeandika jina la Zuwena, na chini yake jina la Thuraya binti Shamsa. Nimeyaandika kwa herufi za Kiarabu, kubwa na wazi, ili mwalimu asije akasema hawezi kusoma.