Chapa ya Mguu wa Kuku

Kama umepitia shule ya msingi huku kwetu Turkana miaka ya karibuni, basi kile kitabu cha katuni cha punda aliyepotea umekishika. Jalada la manjano, msichana wa Kiturkana na mvulana mkimbizi wamesimama kwenye mchanga wa lagga, ule mto mkavu, katikati yao punda. Fungua nyuma uone waliokitengeneza. Utaona nembo ya shirika. Utaona jina la mtaalamu aliyeletwa kwa ndege kutoka Nairobi, akalala hoteli yenye kiyoyozi, akabadilisha kichwa cha kitabu, akapanda ndege akaenda zake. Sisi tuliokichora hutatuona hata kwa darubini. Jina langu mimi ningelisamehe. La mwenzangu ndilo limenikaa kooni.

Mimi ni mchora mabango hapa Lodwar. Vinyozi, maduka ya dawa, makanisa, hata ile hoteli yenye samaki anayecheka kwenye barabara ya Kalokol, yote ni mkono wangu. Wakati fulani niliitwa Kakuma, ndani ya kambi, kuandika jina la zahanati. Upande wa pili wa jengo nikamkuta mzee Mkongo anamalizia picha ya mama ananawa mikono. Jamani! Yule mama alikuwa karibu kugeuka akuombe taulo. Nilisimama nikimtazama mpaka rangi ikakauka kwenye brashi yangu.

"Papa," nikamwambia, maana ndivyo Wakongo wa kambini wanavyowaita wazee wao, "wewe si mtu wa kuta. Kwenu ulikuwa unachora nini?"

"Katuni," akasema. "Miaka mingi. Batu banasoma, banacheka, banasahau mukono yenye ilichora."

Urafiki wetu ukaanza hapo, na ulikuwa wa utani. Yeye alisema watu ninaowachora mimi wamesimama kama wanasubiri kupigwa picha ya kitambulisho. Mimi nikamwambia punda wake ni mbwa aliyevutwa masikio. Tena kila akichora mlima wa huku aliuvika majani, mazoea ya kuzaliwa kwenye mvua. "Papa, huo mlima umeutoa wapi? Hapa kwetu majani yakiota hivyo tutaimba kanisani wiki nzima." Alicheka mpaka akakohoa.

Kwa hiyo shirika lile lilipotafuta watu wa kuchora kitabu cha katuni cha amani, kati ya wenyeji na wakimbizi, tulijipeleka pamoja. Yeye alitunga hadithi na kuchora watu. Mimi nilichora punda, nchi, na maneno ndani ya viputo. Hadithi yenyewe nyepesi: msichana wa Kiturkana anapotelewa na punda wa kubebea maji, punda anaingia kambini, mvulana mkimbizi anamkuta na kumficha kwa kuogopa kuitwa mwizi, mwishowe watoto hao wanamrudisha nyumbani pamoja. Tulifanya kazi kwenye ukumbi wa wakimbizi wenzake, mezani, karatasi tumezikandamiza kwa mawe kwa sababu ya upepo wa Kakuma, ule unaokulisha vumbi bila kukaribishwa.

Jambo alilolitaka katika kazi ile lilikuwa moja tu, jina lake nyuma ya kitabu. Si kwa majivuno. Walipokimbia kwao alitengana na binti yake barabarani, na alichosikia tangu hapo ni kwamba lori alilopanda lilivuka kwenda Uganda. Afisa wa mradi alikuwa ametuambia kwamba kitabu kitapelekwa pia kwenye shule za kambi za Uganda. Basi. Mzee hakulala usingizi wa kawaida tena. Huenda binti ni mwalimu huko, alisema, au ana mtoto anayesoma, au atakiona tu mikononi mwa mtu. Akiona jina atajua kwamba baba yake hakufa.

Kitabu kikatoka mara ya kwanza, cha kujaribia, nakala chache. Majina yetu hayakuwemo.

Niliingia ofisi yao ya Lodwar nikiwa nimewaka. Peke yangu, maana mkimbizi hatoki Kakuma bila kibali, na sijasikia kibali cha kwenda kugombania jina lako. Yule afisa alikuwa kijana mpole aliyetoka Kenya, kama tunavyosema huku tukimaanisha kote kunakoanzia Kitale.

"Madam, jina la mkimbizi hatuwezi kuchapisha," akasema. "Ni kwa usalama wake."

"Usalama wake kutoka kwa nani? Kwa binti yake?"

"Ni sera, madam."

"Haya. Na langu?"

"Tukiweka lako bila lake itaonekana ubaguzi."

"Ala! Na huyu wa Nairobi aliyebadilisha kichwa?"

"Huyo ni mtaalamu."

Nikatoka nikiubamiza mlango. Watu husema mcheza kwao hutuzwa. Mimi nimecheza kwetu, na aliyetuzwa hata jina la punda kwa Kiturkana halijui.

Nilipomfikishia Papa habari, alisafisha brashi ambayo ilikuwa safi tayari. Ndipo nikapata wazo, na wakati ule niliona ni wazo la kupigiwa vigelegele. Kwetu mnyama haandikwi jina. Anachomwa chapa, na kila ukoo una yake, na mtoto anayechunga anazijua kabla hajajua kusoma. Punda wetu yumo karibu katika kila kisanduku cha picha kitabuni. Hakuna sera inayokataza chapa kwenye paja la punda.

"Papa, una alama yoyote binti yako anaijua?"

Alichora papo hapo kwenye vumbi: mguu wa kuku ndani ya duara. Zamani, kwenye karakana yake huko kwao, kuku alikanyaga wino akapita juu ya ukurasa uliokwisha kuchorwa. Yeye alitaka kumchinja. Binti yake, mdogo wakati huo, alicheka mpaka akakaa chini, akauzungushia duara ule mguu mmoja. Tangu siku hiyo ikawa alama ya mlangoni, na mtoto akawa anaichora kila mahali, kwenye madaftari, kwenye ndoo, hata kwenye pindo la sare. "Huyu akiiona," akasema, "atapiga kelele."

Nikachora upya punda wote. Sijawahi kuchora punda kwa furaha vile.

Kabla ya uchapaji mkubwa, shirika lilipeleka kurasa kwa jamii zihakikiwe, kwenye kisima cha pampu nje ya Kakuma. Mimi nilikuwepo, nimevaa vizuri, nimejaa fahari. Tukasalimiana, ejok, ejok, karatasi zikazunguka. Hakuna aliyehangaika na maneno niliyoyaandika kwa jasho. Bibi mmoja mwenye shanga mpaka kidevuni alishika ukurasa wa kwanza akaniuliza, "Hii mtoto ni ya wapi?"

"Ni msichana wa hapa, ata," nikamjibu kama anavyoitwa bibi kwetu.

"Na hii punda?"

"Ni ya kwao."

"Uongo. Hii alama si ya watu ya hapa."

Akampa mwenzake. Mwenzake akasema hiyo chapa haijui, labda ni ya watu wa ng'ambo ya mpaka, kupita Todonyang. Mwingine akasema aliwahi kuona kama hiyo kwa wanyama waliotekwa. Kurasa zikazunguka tena, sauti zikapanda, na hukumu ikatoka: msichana wa kitabu ni mwizi wa punda, na shirika linafundisha watoto wizi. Afisa alikuwa anafuta jasho kwa kitambulisho chake cha shingoni.

Nikasimama. Nikaeleza kwamba hiyo ni alama ya mtu aliyechora, ni kama jina lake.

"Huyo mtu ana punda ngapi?" bibi akauliza.

"Hana."

"Ngamia?"

"Hana."

"Hata mbuzi?"

"Ni mkimbizi, ata. Mkimbizi haruhusiwi kufuga."

Akanitazama kwa huruma kabisa. "Sasa mtu hana mnyama, anachoma alama punda ya nani?"

Wote wakacheka, na hawakucheka kwa ubaya. Mimi mtoto wa mjini nilidhani chapa ni sahihi tu, kitu cha kuweka pembeni mwa kazi. Kwa watu wangu mwenyewe chapa inasomwa kwanza, na inasema mali ni ya nani. Watu hao ndio wasomaji makini kuliko wote niliowahi kuwapata, walisoma kila mstari niliouchora, na ndio waliomfuta mwenzangu.

"Itolewe," afisa akasema.

Tulipokuwa tunaondoka bibi akanishika mkono. "Mpe punda," akasema. "Akiwa na punda, alama iko na mwenyewe. Tutaijua."

Nililishika neno hilo kama mtu anayezama. Shangazi yangu anaishi upande wa barabara ya Lokichoggio, si mbali na kambi, na punda wake alikuwa na mwana. Nikaenda kumwomba. Akanisimanga wee. "Punda kwa Mkongo? Amekuoa?" "Hajanioa, shangazi." "Basi wewe ndiye unamwoa yeye, maana mahari unatoa wewe." Mwisho akakubali, kwa sharti kwamba punda akae kwake na ambebee maji yeye. Fundi wa kuchomelea pale Kakuma akapinda chuma, na Papa mwenyewe akaja kushuhudia. Chuma kilipogusa nywele, punda alirusha mateke na mzee akalia machozi waziwazi, hakujificha. Tukampeleka punda kisimani. Bibi akapitisha vidole juu ya kidonda taratibu, akatikisa kichwa kukubali.

"Sawa. Hii ni punda ya Mkongo."

Nikampigia afisa simu pale pale, punda akinipumulia begani. Nikamwambia chapa sasa ina mwenyewe, wazee wameikubali, arudishe michoro yangu. Akasema, "Pole, madam. Kitabu kilishaenda kuchapwa."

Siku maboksi yalipofika Kakuma tulifungua moja pamoja. Mtu fulani kwenye kompyuta alikuwa ameifuta chapa, na hakuwa fundi. Kila punda ana doa la kijivu pajani, na watoto wa shule wanaulizana ni ugonjwa gani. Papa alifungua ukurasa baada ya ukurasa, na kwa kila punda alisugua doa kwa kidole gumba, kama mtu anayejaribu kuondoa vumbi. Alipofika mwisho akafunga kitabu.

"Punda ni muzuri," akasema. "Umemujulia sasa."

Nililia mimi. Nililia kwa hasira, kwa aibu, na kwa sababu alinisifu. Lori la kwenda Uganda lilipakiwa wiki hiyo, vitabu tele, na ndani yake hakuna hata alama ndogo ambayo binti angeitambua.

Niliandika, nilipiga simu, nilikaa kwenye mabenchi ya ofisi mpaka walinzi wakawa wananisalimia kama jamaa. Yule afisa alihamishwa. Aliyekuja baada yake hajui kama kuna ubishi wowote. Kwake kitabu kimetengenezwa na shirika, basi. Mnyonge hana haki, na mnyonge asiye na jina hata pa kuanzia kudai hana.

Punda yule sasa ni mkubwa na amezaa. Shangazi alimtia na mtoto chapa ileile, bila kuniuliza, maana mtoto wa punda hufuata mali ya mama. Wakizurura, wachungaji huwarudisha. "Hii ni ya Mkongo," wanasema, kutoka kisimani mpaka Kakuma mjini. Hakuna anayejua kwamba Mkongo huyo ndiye aliyetunga kitabu ambacho watoto wao wanakisoma. Wanajua tu kwamba ana punda.

Papa hachori tena, macho yamekataa. Hunipigia simu Jumapili, siku ya Mungu kama anavyoiita, baada ya ibada. Juzi aliniuliza kama anavyoniuliza siku zote.

"Mama, batu banajua alama yangu?"

"Wanaijua, Papa. Hata juzi punda alipotea, wakamrudisha."

"Ni vizuri. Na kule Uganda?"

"Sikusikii, Papa. Mtandao unasumbua."

Mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Nilimsikia akipumua, nikasikia hata kwaya inaendelea nyuma yake.

"Haina neno, Mama," akasema. "Nitauliza tena siku ya Mungu."